Dada Yetu Mkaguzi wa Hataza, na Swali Lake la Mwisho

Ndugu waombolezaji, tunaomba utulivu wenu tuwasomee maisha ya dada yetu, ambaye angekuwepo angetukatiza kila tunapokosea tarehe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mkunga, akasoma shule ya msingi nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwasumbua walimu kwa kutaka kujua sabuni inapikwaje, akahitimu shahada ya kemia mwaka 1985, akafanya kazi maabara miaka sita, kisha tarehe 2 Machi 1992 akaajiriwa ofisi ya hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, kukagua kama mvumbuzi anayeomba kulindwa ameeleza uvumbuzi wake kiasi cha mtu mwingine kuweza kuutengeneza.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka huohuo wa ndoa aliteleza kazini, akapitisha ombi lililoruka hatua moja, kwa kuwa aliijua hatua ile akaijaza kichwani bila kutambua, na maabara nyingine zikalifuata zikakwama. Aibu ile ilimkaa, hivyo akawa anasoma kila ombi kama mtu asiyejua kitu, akitia alama ya penseli pale mkono wa mtengenezaji ungesita, hadi wenzake wakambandika jina la Bi Mkono.

Alianza kuugua figo Agosti 2022, na alipolazwa tarehe 3 Juni mwaka huu aliacha mezani ombi la peptidi, yaani minyororo mifupi ya protini, zilizopachikwa mkia wa mafuta ili zidumu mwilini. Mnyororo ulikuwa na sehemu mbili za kushika mkia, na ombi halikusema ipi izibwe kwanza ili mkia ushike ile nyingine. Bosi wake alimtania, "Si wewe unajua?" naye akamjibu, "Mimi najua, karatasi haijui." Hospitalini alituuliza kabla hata ya salamu kama waombaji wamejibu. Alifariki tarehe 21 Juni, saa nne asubuhi, hawajajibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake kuhusu kila dripu, majirani waliotupikia na kututandikia viti, na wafanyakazi wenzake, ambao jana walikuja kutuambia kwamba jibu limefika, na kumbe waombaji huanza kuziba sehemu ileile ambayo dada aliwaapia kwamba haizibwi kwanza. Uamuzi sasa ni wa wenzake. Sisi inatuuma kwamba hakuambiwa amekosea, maana kosa hilo linathibitisha kwamba swali lake lilihitajika, na hakuna habari ambayo ingemfurahisha zaidi.

Dada, wamejibu, sasa pumzika.