Projestus Rutashobya, Mwandishi wa Mwendo wa Vita

Baba Padri, wazee wetu shikamooni, majirani wa Temeke, na nyie mliokuja kwa miguu kutoka Kinondoni kwenye jua hili, mimi naitwa Theonest, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na wanawe wameniomba niwasomee maisha ya baba yao, kwa sababu mkubwa wao, Ansbert, alijaribu jana kuyasoma mle ndani sauti ikamkatika.

Kaka yetu Projestus Rutashobya alizaliwa tarehe 14 Juni 1909 huko Kamachumu, Bukoba, mtoto wa pili wa Mzee Revelian Rutashobya na Mama Kokuberwa, akaingia shule ya misheni mwaka 1918, akamaliza mwaka 1926, na walimu walimsifu kwa jambo moja na kumchapa kwa jambo hilohilo, nalo ni kuuliza maswali. Alifundisha watoto wa darasa la kwanza kwa muda, kisha mwaka 1931 akashuka pwani, kwa meli hadi Mwanza na kwa treni hadi Dar es Salaam, akapata kazi ya kupanga herufi za madini ya risasi kwenye kiwanda cha kuchapa gazeti la Mjumbe wa Bandari, lililokuwa likitoka kila Jumamosi, na kila mwaka aliomba kuhamishiwa meza ya waandishi, na kila mwaka aliambiwa angoje, mpaka vita vilipoanza mwaka 1939 na waandishi wawili wa gazeti wakaondoka, ndipo mwenye gazeti na mhariri wake, Bwana Pemberton, alipomkumbuka.

Tarehe 8 Agosti 1936 alifunga ndoa na shemeji yetu Rosalia, binti wa Mzee Albano, mchongaji wa vinyago kutoka Newala, na sitaficha kwamba wazee wa kwetu walinuna, maana walitaka binti wa nyumbani, lakini Mama alipomwona Rosalia akimenya ndizi bila kufundishwa alisema, "Huyu ni wetu," na maneno yakaishia hapo. Mungu aliwajalia Ansbert na Genoveva, na mwaka 1938 walihamia hapa Temeke, kwenye nyumba hii mliyoizunguka, wakaishi pamoja na mimi na Leonardi, mdogo wake Rosalia, kijana mcheshi aliyependwa na mtaa mzima, ambaye mwaka 1942 alijiandikisha askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata akapakiwa melini kwenda Asia, na baadaye tukasikia yuko Burma.

Hapo ndipo kazi ya kaka ilipomgeuka. Bwana Pemberton alimpa kuandika kila juma maelezo ya vita, ili wasomaji waelewe kinachotokea na kwa nini kinatokea, na kaka akataka yaitwe "Vita Vinakwendaje?", lakini akaambiwa gazeti haliulizi, linaeleza, kwa hiyo yakaitwa "Mwendo wa Vita". Ukutani mwa ofisi palibandikwa sheria za kuandika, na Bwana Pemberton alizisimamia kama amri za kanisa: sentensi isizidi maneno kumi na mawili, pasiwe na swali wala methali, pasiwe na "labda" wala "inasemekana", mto au mlima usitajwe jina kama simu ya maandishi ya serikali haikuutaja, maiti wa adui wahesabiwe na wetu wasitajwe, na kamwe, hata iweje, askari wetu wasiandikwe kwamba wamerudi nyuma, bali wamejipanga upya. Kaka alikuwa akirudi jioni anakaa kwenye kiti chake pale barazani bila kuvua viatu, namwuliza, "Vipi, kaka?" naye ananijibu, "Leo nimeandika kutwa nzima, na sijasema kitu."

Mwezi Oktoba 1944 alirudi Temeke askari mmoja, Benedikto, akiwa amekatwa mguu, naye alikuwa kikosi kimoja na Leonardi, akaja kukaa nasi akatusimulia kwamba waliamriwa kuvuka mto katikati ya masika ya kule, maji yakajaa nyuma yao, kamba zikakatika, waliotangulia wakabaki ng'ambo bila chakula wala risasi, na waliobaki upande wa huku wakarudishwa nyuma kwa mizinga. Rosalia alimwuliza jambo moja tu, "Leonardi alikuwa upande gani?" Benedikto akasema, "Dada, alikuwa ng'ambo."

Kaka alikwenda kazini akaandika kila alichosikia, akaeleza kwamba kosa halikuwa la askari bali la waliochagua kuvuka mvua ikinyesha. Bwana Pemberton aliyakata yote kwa kalamu nyekundu, akasema simu ya serikali inataja kujipanga upya kando ya mto, basi, na kaka aliporudi na karatasi nyingine ikakatwa, na nyingine ikakatwa, hadi Jumamosi ya tarehe 4 Novemba gazeti lilipotoka na maneno haya chini ya jina lake: "Vikosi vyetu vya Afrika Mashariki vimejipanga upya kandokando ya mto. Hali ni njema."

Nasoma sehemu hii kwa uchungu, mtaniwia radhi. Jirani yetu Bi Mwajabu, ambaye yupo hapa na ameniruhusu kuisema, mumewe Shomari naye alikuwa kikosi hichohicho, na hakujua kusoma, akasomewa gazeti lile sokoni, na kwa Kiswahili chake yeye, Kiswahili safi cha mzaliwa wa pwani, askari waliojipanga kandokando ya mto hali ni njema ni askari waliopanga foleni wakingoja chombo cha kuwarudisha kwao. Akapaka nyumba chokaa, akaazima masufuria, akapika pilau, akaita wake wote wa askari wa hapa mtaani, na kaka aliporudi kutoka kanisani Jumapili alikuta vigelegele hadi barabarani.

"Kaka Projesti, njoo ule!" Bi Mwajabu alimwita. "Umetuandikia mwenyewe, wamejipanga, wanarudi!"

Kaka alisimama pale na kofia mkononi, wanawake wote wakimtazama, akasema, "Bi Mwajabu, hawarudi. Maana yake wamepigwa. Wengine wamekufa, na siwajui ni nani."

Tulisikia pilau likiungua. Halafu Bi Mwajabu akamwuliza taratibu, "Sasa mbona hukuandika hivyo? Hayo maneno uliyoyasema hapa, yana ugumu gani?" Tangu siku ile chakula kilimshinda kaka.

Juma lile alikaa na zile sheria akaamua kuzitii zote, moja baada ya nyingine, akaandika makala fupi isiyo na swali, isiyo na methali, isiyo na jina la mto, wala hakutaja maiti wala kurudi nyuma: "Waliovuka mto walikuwa wengi. Mvua ilikuwa kubwa. Maji yalijaa nyuma yao. Waliokuja kutusimulia ni wachache. Kina mama, msipike bado." Bwana Wilbert, msaidizi wa mhariri, mtu mwoga lakini mwema, ndiye aliyetusimulia yaliyofuata, kwamba Bwana Pemberton aliisoma, akaenda ukutani kuzitazama sheria, akarudi mezani akaisoma tena.

"Hujavunja hata moja," akasema.

"Hapana, Bwana."

"Basi itabidi niongeze nyingine," akasema, akachukua kalamu akaandika pale ukutani kwamba kuanzia siku hiyo mwandishi asiseme na wasomaji wenye ndugu vitani.

Kaka aliomba basi jina lake liondolewe, naye akakataliwa, akaambiwa watu wanaliamini jina hilo, na Jumamosi iliyofuata maelezo yalitoka yameandikwa na mwingine, jina likiwa lake. Aliacha kazi siku hiyohiyo. Watu walimwita mjinga, hata mimi nilimwambia ana watoto, akanijibu kwa hasira ambayo sikuizoea, "Nao wataniuliza, Theonest."

Tangu mwaka 1945 alikuwa karani wa ghala huko Kurasini, na jioni aliwafundisha kusoma wanawake wa mtaa huu, wa kwanza akiwa Bi Mwajabu. Shomari alirudi mwaka 1946, amekonda, ana homa, lakini mzima. Habari ya kifo cha Leonardi ilitufikia rasmi baada ya vita kwisha, na miezi yote ile Rosalia alikuwa hawezi hata kuomba misa ya marehemu, maana kwa serikali ndugu yake hakuwa amekufa bado. Mwaka 1953 gazeti jingine lilimwita kaka aandike habari za mapigano ya Kenya, akauliza kwanza sheria zao za kuandika zikoje, akaonyeshwa, akaaga kwa adabu akarudi Kurasini.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1955, akalazwa mara kadhaa, na akafariki tarehe 13 Februari 1957, alfajiri, Rosalia na Genoveva wakiwa kando ya kitanda chake, naye akiwa na miaka arobaini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, Baba Padri aliyemtembelea, makarani na wapagazi wa ghala, Bwana Wilbert aliyekuja bila kuogopa kuonekana, Benedikto, na majirani, Waislamu na Wakristo, mliokesha nasi na kupika, Bi Mwajabu akiwa mbele yenu.

Juzi tulipeleka tangazo la msiba Mjumbe wa Bandari, tukaandika kwamba amefariki Projestus Rutashobya, mwandishi, wakaturudishia karatasi wamekata neno moja, wameandika karani. Ansbert alitaka kwenda kugombana nao, nikamzuia, na mpaka sasa sijui kama nilifanya vema. Ninalojua ni kwamba nyie mmekuja wengi, na mlimjua, na nimewasomea bila kukata kitu. Alikuwa mwandishi.

Haya, kaka, vua viatu ulale.