Jiwe Alilolikwangua Werema

Kaeni chini, wanangu, redio mzime, kwa kuwa pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu.

Ng'ombe gaweni kama baba yenu alivyoacha amesema, hayo sina ugomvi nayo. Kinachonitia kinyaa hata uji haushuki ni jiwe la chemchemi yetu hapa Nyanungu. Yule binti wa chuo, Modesta, alilala kifudifudi kwenye tope siku mbili na kioo chake kidogo cha kukuzia vitu, halafu akatuonyesha vimea viwili visivyo na shina wala ua, vimelala juu ya jiwe kama ngozi. Akasema, “Bibi, hiki kipana chenye vikombe kimejaa dunia nzima, hata kwenye majivu kinaota, hakuna anayekihofia. Hiki chembamba chenye ukingo wa zambarau kiko kwenye orodha ya vinavyokaribia kutoweka. Nimetembea mpaka Morotonga, nimekikuta hapa tu.” Wote mkaitikia, ndiyo, ndiyo.

Alipoondoka, Werema, ulifanya nini? Ulizungushia seng'enge kile kipana kilichoota pia nyuma ya bafu, kinakokunywa maji ya sabuni, eti ndicho kimenona, ndicho kinachofanana na kitu cha thamani! Kile chembamba ukakikwangua kwa jembe, eti wageni unaowangojea wasiteleze wakija kupiga picha. Nilipokuuliza, ukanijibu, “Mama, ule ulikuwa uchafu tu.” Uchafu! Marehemu mama mkwe wangu hakuturuhusu hata kukanyaga pale. “Wewe mke wa mwanangu, chuchumaa uchote, hilo jiwe si ngazi ya kwenu!” Naye hakuwahi kusoma orodha yoyote. Phu!

Cha kile chembamba kimebaki kipande cha kiganja kimoja, chini ya mwamba, upande wa kivuli. Kwa hiyo shamba la chemchemi, nililopewa na mama mkwe huyo, nampa Felista. Najua, kwetu binti aliyeolewa hapewi ardhi. Wazee waje wabishane na kaburi langu. Felista, asifue mtu pale, ng'ombe wanywe huku chini mferejini, na Modesta akirudi mwonyeshe, usimfiche aibu yetu.

Nipeni maji… basi, yatosha. Inamisheni vichwa niwatemee mate ya baraka. Mdomo umekauka… Mzae, mshibe, msiitane majina mabaya… Werema, na wewe pia, ni mwanangu wewe. Njoo. Karibu zaidi, baba… mkono haukufikii.