Leopold Ndunguru na Pikapu ya Safari za Lituhi

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Padre, wazee wetu shikamooni, wana Lituhi mliotupokea na ninyi mliosafiri nasi kutoka Mpepai, mimi ni Theodosia, mtoto wa pili wa marehemu, na ndugu zangu wamenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu kabla hatujamlaza hapa pembeni ya mama.

Leopold Wendelini Ndunguru alizaliwa Mpepai, Mbinga, tarehe 9 Aprili 1951, mtoto wa kwanza wa mkulima wa kahawa, akasoma shule ya msingi hukohuko, kisha akajifunza ufundi wa magari katika karakana ya misheni, na mwaka 1973 akaajiriwa na chama cha ushirika kuendesha lori. Lori hilo ndilo lililomteremsha hadi hapa Lituhi ziwani kuleta mahindi, akamwona Yuliana, binti wa mvuvi, wakafunga ndoa tarehe 7 Julai 1979, wakajaliwa kumpata kaka yangu Nicholaus, mimi, na mdogo wetu Clemence.

Mama aliizoea baridi ya milimani, lakini kulikosa ziwa hakuzoea kamwe, na baba alipoacha kazi mwaka 1996 alinunua pikapu ya dizeli, iliyokwisha kutumika na watu wengine, ili abebe mizigo ya majirani na kumpeleka mama kwao kila hamu ilipomzidi. Mama alifariki tarehe 19 Agosti 2014, na kwa kuwa alikuwa ameomba azikwe karibu na mama yake mzazi, tulimleta hapa, baba akarudi Mpepai na kiti cha kushoto kitupu, na tangu siku hiyo hakuruhusu mtu aweke gunia juu ya kiti hicho.

Gari lilikuwa linazeeka na mafuta yanapanda bei, naye kila tone aliloliokoa alilihesabu kuwa sehemu ya njia ya kuja huku kwenye kaburi la mama. Alipima upepo wa matairi kabla ya kupakia, alikung'uta filta ya hewa kila alipotoka kwenye vumbi la Kitai, alifungua keria ya chuma akaiacha uani kwa sababu ilikuwa uzito wa bure, alibadilisha oili kabla haijawa nyeusi, na shida zote za majirani alizikusanya aende nazo mjini mara moja kwa wiki. Hakukanyaga mafuta kwa hasira, wala hakuachia gari mteremkoni bila gia kama wafanyavyo wengine, akisema, "Huko si kubana mafuta, ni kuchezea roho za watu." Nicholaus alipotaka kumnunulia gari jipya, baba alimjibu, "Mwanangu, asante, lakini mlio wa hilo mama yako haujui."

Tarehe 2 Novemba 2024, siku ya kuwaombea marehemu wote, wiki ambayo dizeli haikupatikana kwenye vituo, baba aliondoka Mpepai na mafuta aliyoyatunza kwa muda mrefu, yanayotosha kuja hapa na kurudi tu, nami nilikuwa naye. Tulipoipita Kitai na kuanza kuteremka, tulimkuta Devotha, mke wa mvuvi wa hapa, ameketi kando ya barabara akiugulia uchungu, ameelekezwa kujifungulia hospitalini Mbinga kwa sababu mtoto alikaa vibaya tumboni, na pikipiki iliyombeba imekatika cheni. Baba alitazama kule bondeni kwa muda, akashuka, akafungua mlango wa kushoto, akamwambia, "Keti hapa, mama." Nilimuuliza, "Na mama yetu je?" Akasema, "Yuliana atanisubiri, huyu mtoto hawezi kusubiri," akageuza gari, na mafuta ya kuja huku yakaishia njia ya Mbinga.

Mtoto alizaliwa salama kwa upasuaji. Devotha alipomwomba baba ampe jina, alikataa, akasema jina ni la wazazi wake, ila akaomba kitu kimoja, kwamba akirudi Lituhi ampalilie Yuliana.

Baba hakupata safari nyingine. Tarehe 11 Desemba alipata kiharusi, upande wa kulia ukakataa, na miezi yote iliyofuata aliomba tumketishe ndani ya pikapu uani, niwashe injini, asikilize akiwa amefumba macho, mara nyingine akinong'ona kwa shida, "Filta, Theodosia, imeziba," nami nikashuka kuikung'uta, na kweli ilikuwa na vumbi. Hatukuthubutu kumleta, njia ingemuua, na hilo ndilo linalotuuma. Alifariki Mpepai asubuhi ya tarehe 14 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mpepai waliompikia na kumgeuza kitandani, madereva na mafundi wenzake wa Mbinga na Kitai waliotusindikiza barabara nzima, wanajumuiya waliosali nasi, na Devotha na mumewe, kwani jana tulipofika tulikuta kaburi la mama halina jani hata moja.

Baba, nyumba ya Mpepai iko kimya mno asubuhi, na sisi bado tunatega masikio tuusikie mlio wa pikapu yako. Wewe pumzika kwa amani, wala usituwazie, tutakuja mara kwa mara.