Tiketi ya Mirumbe

BHOKE: Haloo? Haloo! Ni nani ameshika simu ya Rispa?

RISPA: Ni mimi mwenyewe, mama. Habari ya Kegonga?

BHOKE: Tunashukuru. Mwanao Maroa amemaliza ugali, sasa anafukuza kuku wa jirani. Uko wapi? Unakatika.

RISPA: Natoka kazini. Hapa Nairobi kuna—

BHOKE: Hiyo inayokwaruza ni nini?

RISPA: Ni network, mama.

BHOKE: Network haivai viatu. Rispa, hizo ni kokoto. Unatembea relini.

RISPA: Kandokando tu. Nauli ya treni imepanda tena. Asubuhi napanda, nisichelewe. Jioni natembea, ndiyo Maroa apate cha kutumiwa.

BHOKE: "Kandokando tu, mama." Mumeo Mirumbe aliniambia hivyo hivyo. Wiki mbili tu, tukamzika.

RISPA: Mama, tafadhali—

BHOKE: Ngoja, kredo ya simu ni kidogo. Kila Ijumaa, Sabato ikiingia, nasikia buti zake za mjengo uani. Zinazunguka nyumba. Nikifungua, hakuna mtu.

[Mkwaruzo.]

RISPA: Ni Ijumaa tu?

BHOKE: Kwa nini unauliza?

RISPA: Kwa sababu siku zingine anakuwa huku. Nyuma yangu. Nikisimama, anasimama. Anakohoa kile kikohozi chake cha saruji.

BHOKE: Na hukuniambia?

RISPA: Ningesema nini? Ungeona mjane wa mwanao amerukwa na akili.

BHOKE: Niambie kitu kimoja. Siku mlipomleta, gari lilisimama pale alipogongwa na treni?

RISPA: Hapana.

BHOKE: Hata kidogo?

RISPA: Lilikuwa la kukodi, mama, kwa siku. Dereva alisema tukizunguka mpaka huko atadai siku ya pili. Mchungaji naye akasema mwili ukifika nyumbani, mtu amefika. Kwetu Rangwe wangesimama, wangemwita kwa jina, roho ifuate mwili. Nilijua. Nikanyamaza.

BHOKE: Hata sisi Wakuria huita. Mimi nilidhani mmemwita, nanyi mkadhani nitamwita mimi. Basi tulizika mwili. Mwenyewe tulimwacha hapo, anatafuta nauli.

RISPA: Mama, usilie.

BHOKE: Silii. Uko mbali na mahali penyewe?

RISPA: Nimefika. Ni hapa kwenye daraja. Kila jioni nikifika hapa ndipo miguu inakuwa mizito.

[Honi, mbali.]

BHOKE: Rispa! Toka hapo!

RISPA: Nimetoka, nimepanda ukingoni. Inakuja. Ngoja ipite.

[Treni. Muda mrefu.]

BHOKE: Rispa? Rispa, mwanangu!

RISPA: Nipo. Imejaa, mama. Watu wananing'inia mlangoni.

BHOKE: Weka simu kwa sauti kubwa. Iinue juu.

RISPA: Watu wananiangalia.

BHOKE: Acha waangalie. Inua! Mirumbe. Mirumbe mwana wa Gisiri, ni mama yako. Hukuwa na makosa, ulikuwa unaokoa nauli ya mtoto. Acha kutembea sasa. Twende nyumbani.

[Mkwaruzo.]

BHOKE: Mwite na wewe.

RISPA: Baba Maroa... twende. Twende nyumbani.

BHOKE: Unasikia nini?

RISPA: Amekohoa. Karibu sana. Si nyuma tena, mama, yuko ubavuni.

BHOKE: Sawa. Panda barabarani mpaka steshoni. Niliuza yule jogoo mwekundu, pesa iko kwa simu yako tangu mchana.

RISPA: Niliona, nikasema ni ya unga.

BHOKE: Sasa si ya unga! Ni ya treni, na wiki ijayo nitatafuta nyingine. Niapie hutakanyaga reli tena. Maroa hawezi kuwaita wawili.

RISPA: Naapa, mama.

BHOKE: Haya, kredo inalia. Ukifika dirishani kwa karani—

RISPA: Nikate tiketi ngapi?

BHOKE: Mbili. Akikuuliza mwenzako yuko wapi, mwambie anakuja. Na Rispa, mwachie mumeo kiti cha—

[Simu imekatika.]