Skolastika Anastaafu, Mfumo Hauzimwi

Baada ya miaka thelathini na minne katika ghala la ushirika hapa Nangurukuru, Skolastika Likwata anastaafu tarehe 30 Juni, katikati ya msimu wa ufuta, magari yakiwa yamepanga foleni hadi barabarani. Kamati ya sherehe ilitafuta mfanyakazi wa kuandika wasifu huu, kila mmoja akasema amebanwa. Nikasema nipeni mimi, Rosemary, mama yake mzazi. Niliishia darasa la nne, lakini huyu mtu namjua kuliko ofisi nzima.

Alianza kama karani wa mizani. Kompyuta zilipoletwa wenzake walizifunika vitambaa, yeye akaenda kozi Dar es Salaam, akarudi anaandika programu kwa Java, lugha ya kompyuta. Mfumo unaopokea uzito kutoka mizani za vijijini ni kazi ya mikono yake. Kama kuna mama mwingine Lindi nzima mwenye mtoto wa hivyo, ajitokeze tumwone.

Ila hatulii. Tangu mdogo hatulii, na kazi hii ikamzidishia. Mfumo wake huandika yale unayoyafanya, na maandishi hayo wenyewe huyaita logi. Siku za kawaida umepangiwa kuandika makosa makubwa tu. Likitokea tatizo, lazima uambiwe ueleze zaidi, na zamani ilibidi uzimwe kwanza ndipo ubadilishwe mipangilio. Kuuzima watu wakiwa wanapima, mizigo yote ya kwenye foleni inapimwa upya, na mnada haumsubiri mtu. Skolastika akaupanga uwe unachungulia wenyewe faili la mipangilio huku kazi inaendelea. Ukibadilisha humo kiwango cha logi, yaani kiasi cha maelezo, mfumo unaanza kueleza palepale, na anayepima hajui kama kuna kitu kimeguswa.

Msimu wa kwanza kiherehere kilimzidi. Akaufungulia ueleze kila kitu, sehemu zote, kisha akaenda kula. Diski ikajaa maandishi, mfumo ukaganda, wakulima wa Kiswere wakapima magunia yao upya huku wakimsema. Tangu hapo, akipandisha kiwango hawezi kukaa mpaka kishushwe. Kwenye harusi ya mdogo wake Jerome aliinuka keki haijakatwa, akaenda kukishusha. Mshereheshaji akatangaza kwamba wifi amekimbia zawadi.

Ndiyo maana nilikuwa na hofu. Kazi anamwachia Twalib, kijana mwenye akili, lakini kama Twalib hawezi bila yeye, basi mwanangu atastaafu kwa jina tu. Jumanne iliyopita, akiwa likizo, tunamenya mihogo jikoni kwangu, Twalib akapiga simu: mizani ya Kiswere inatuma uzito, mfumo hauupokei, na hausemi kwa nini. Skolastika akasimama. Nilikuwa nimeshavificha viatu.

“Mama, viatu vyangu.”

“Mwache mwenzio afanye. Umemfundisha au hukumfundisha?”

Twalib akapandisha kiwango cha logi kwa sehemu ya mizani peke yake, mfumo ukiwa kazini. Ukasema: uzito unakataliwa kwa sababu una tarehe ya mwaka jana. Kumbe betri ya saa ya mizani imekufa. Wakabadilisha, wakarekebisha saa, uzito ukaingia. Jikoni, mwanangu alizunguka peku kutoka mlangoni hadi mekoni, simu mkononi. Alikuwa anasubiri neno moja, na hakutaka kuuliza. Mihogo ikaungua, sikumsema.

Simu ikalia tena, Twalib.

“Shikamoo mama. Nilisahau kukwambia, kiwango nimeshakishusha.”

“Marahaba,” akajibu, akavuta kigoda, akakaa.

Skolastika, wenzako wa ghala wamenituma nikushukuru, na wakulima wa Kiswere wamo, hata waliokusema. Mimi nakushukuru kwa niaba yangu mwenyewe, maana unanipa maringo sokoni kila siku. Viatu viko chini ya kitanda changu. Vya kuendea kanisani na shambani nitakupa. Tunakutakia maisha marefu, yenye afya, ya kukaa chini.