Nyaya Ambazo Bwana Nandalal Hakuzikata

Wasomaji wa jarida hili la wafanyakazi watuwie radhi. Hatujatoa toleo tangu mvua zianze, kwa sababu lipo jambo tulilotaka kuliandika likiwa limekwisha kuamuliwa, na mpaka leo halijaamuliwa. Lakini Bwana Nandalal Sherchan, fundi wa laini za simu katika tawi letu la Beni, huku milimani Nepal, anastaafu tarehe kumi na tano ya mwezi wa Kartik baada ya miaka thelathini na minne, na haifai aondoke kimya kimya.

Alianza kazi kwa kubeba nguzo mgongoni. Mwaka wa maporomoko makubwa ya ardhi alivusha laini ng'ambo ya mto kwa siku tatu. Mbwa wa vijiji vya juu wote wanamjua. Wawili tu wamewahi kumuuma, na mmoja, asema mwenyewe, alikuwa na sababu.

Alikuwa na tabia iliyotuudhi. Akifunga laini mpya, hakati ya zamani. Huizungusha, huitundika upenuni na kuifunga kwa uzi wa baraka, ule mwekundu na njano ambao makuhani hutufunga mkononi wakati wa mvua. Waya mtupu ungegeuzwa kamba ya nguo. Uzi ule hakuna mama wa huku anayeutia kisu. Ghala la kampuni lilimwandikia barua tatu likidai shaba ya nyaya hizo.

Sikukuu ya Dashain mwaka jana, kampuni ilitangaza zawadi: kila mwenye simu ya mezani ahamishiwe waya wa faiba bure, wenye intaneti ya kasi mara tatu. Bwana Nandalal alipeleka fomu katika nyumba sitini na moja. Mama Kesari Khatri, mjane wa miaka sabini na minane, alimtazama kwa jicho la upande.

“Bure kabisa, mwanangu?”

“Bure, mama.”

“Mbuzi wa sikukuu hujaniletea hata siku moja. Leo waniletea intaneti.”

Akatia kidole gumba. Fomu haikumwambia kwamba kidole kile kilianzisha mkataba mpya wa miaka miwili. Wala haikumwambia kwamba simu ya zamani hupata umeme kutoka kituoni kwetu, ilhali mpya huzimika umeme wa nyumbani ukikatika. Hili la pili Bwana Nandalal alilijua. Hakulisema.

Wiki tatu baadaye, siku za Tihar, sikukuu ya taa, theluji iliangusha nguzo za umeme. Mkazamwana wa Mama Kesari alishikwa na uchungu, na simu ilikuwa imekufa. Jirani alishuka mbio hadi zahanati, mwendo wa saa mbili. Mtoto alizaliwa salama. Mama yake alilazwa mwezi mzima.

Bwana Nandalal alipanda, akafungua uzi upenuni, akaunga waya wa zamani.

“Ulijua?” Mama Kesari alimwuliza.

“Nilijua.”

“Basi kunywa chai, kisha ukawaambie wengine.”

Akaenda nyumba zote sitini zilizobaki, akawaeleza, akawaungia. Meneja wetu, Bi Sarmila Rijal, akamwita.

“Kaka, fomu ilisema bure. Umelipisha mtu?”

“Hapana. Ila haikusema simu itakufa, na mimi sikusema.”

“Hawakukuuliza.”

“Wangeuliza vipi, dada, kitu wasichokijua?”

Tangu hapo shauri liko makao makuu. Ama wateja wataachiwa laini zao za zamani na kutolewa katika mikataba mipya, ama mtambo wa simu wa zamani utazimwa na shaba yote kukunjwa. Kikao kimeahirishwa mara mbili. Bi Sarmila mwenyewe sasa hupiga simu Kathmandu kila asubuhi, na kila asubuhi huambiwa asubiri. Tihar inakaribia tena. Mawingu yameanza kukaa chini ya kilele, na katika nyumba ya pili kutoka kwa Mama Kesari yuko mzee anayepumua kwa shida.

Bwana Nandalal, tunakushukuru kwa miaka yote hii, na zaidi kwa kule kupanda mara ya pili. Magoti yapumzike, shamba lizae, na mbwa wakusamehe. Kikao kikiamua, tutakuandikia siku hiyo hiyo, na barua italetwa kwa miguu. Usiingojee simu: nyumba yako imo katika orodha ya waliohamishiwa faiba, nayo ni ya sitini na mbili.