Shangazi, Aliyetusikiliza Miaka Thelathini na Mmoja

Tarehe thelathini Juni mwaka huu Shangazi anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha unasihi kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa na haki ya kuendelea kwa miaka mitatu zaidi, nasi tulishajipanga kumng'ang'ania hata hiyo ikiisha. Anaondoka mapema kwa hiari yake, na amenipa sharti moja tu la kuandika wasifu huu: sababu nisiizungukezunguke. Basi na ijulikane tangu mwanzo. Shangazi amekuwa mzito wa kusikia, na kazi yake yote ni kusikiliza.

Jina lake la kwenye vyeti halitumiki hapa. Kila mtu humwita Shangazi, kuanzia mpokezi hadi mkurugenzi, ambaye kwa umri anamzidi na bado humwamkia shikamoo akijisahau. Wazee wa kituo wanasema jina lilimganda kwa sababu ya tabia yake ya kumwambia mtu, taratibu na bila kupepesa macho, yale ambayo mama mzazi angeona haya kuyasema.

Alikuja kwetu akiwa mwalimu wa historia wa sekondari, kwa saa chache za Alhamisi jioni, kuongoza usomaji. Wakati huo kituo kilikuwa vyumba viwili juu ya karakana ya baiskeli. Kibao cha mlangoni kiliandikwa "Tiba ya Mazungumzo na Insia", na waliopanda ngazi kuuliza insia ni kitu gani walikuwa wengi kuliko waliokuja kutibiwa. Shangazi aliwajibu kwamba ni hadithi, historia, falsafa, na elimu nyingine yoyote inayomuuliza mtu yeye ni nani na anaelekea wapi. Wengine walishuka wakicheka, wengine wakaomba kiti. Baada ya miaka minne alikwenda kusomea unasihi, na tangu aliporudi na cheti chake, mchana amekuwa mnasihi na Alhamisi jioni msomaji.

Kuta za vyumba vile zilikuwa za mbao nyembamba. Ili wanaosubiri koridoni wasisikie ya chumbani, tuliweka redio. Ulikuwa mpango mzuri mpaka siku ya fainali ya mpira, korido nzima ilipoinuka kushangilia bao wakati ule ule ambapo chumbani mtu ndiyo kwanza ameanza kulia. Shangazi alitoka, hakugomba. Hagombi kamwe, hukutazama tu mpaka ujigombeze mwenyewe. Alisogeza mshale wa redio hadi kwenye kipindi cha kilimo, na hapo ukabaki kwa miaka mingi. Wapo wateja wetu wa zamani ambao leo wanayajua magonjwa yote ya nyanya.

Kisa cha fundi bomba tunakitoa kwa idhini ya mwenyewe, ingawa yeye hukisimulia kwa yeyote atakayesimama. Aliitwa kutazama bomba la jikoni, akafika saa ile ile aliyotarajiwa mteja mpya, na mteja mwenyewe hakutokea. Shangazi akampokea, akamketisha, akafunga mlango, akamwambia aanze popote anapotaka. Fundi alidhani ndio utaratibu wa nyumba, maana wapo wenye nyumba wanaotaka kwanza kujua uzoefu wa mtu. Akaanza na jinsi alivyofundishwa kazi na kaka yake, akafika kwenye ugomvi uliowatenganisha, na kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, akaendelea mpaka machozi yakamtoka. Alipotia mkono kwenye mfuko wake wa kazi kutafuta kitambaa, akatoa spana. Hapo ndipo Shangazi alipogutuka, na jikoni maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Bomba lilipona siku hiyo hiyo. Mambo ya kaka yalichukua muda mrefu zaidi, na fundi ni mtu wa Baraza la Alhamisi hadi leo.

Baraza hilo ndiyo kazi yake anayoipenda kuliko zote. Kila Alhamisi wauguzi, walimu, wafiwa na wasio na cheo chochote hukaa kwenye viti vya plastiki, husoma kurasa chache, kisha huzijadili. Imani ya Shangazi ni kwamba mtu asiyeweza bado kusema lake anaweza kumsema mtu wa hadithini, na siku moja akajikuta amejisema. Miaka kumi na miwili iliyopita taasisi moja kubwa ya afya ilitaka kutuchukua, ikatuahidi jengo lenye lifti, kwa sharti kwamba tuachane na mambo ya vitabu. Nusu yetu tulishaanza kugawana vyumba. Kikaoni Shangazi alisimama akasema, "Mtu haji hapa kwa sababu ya maradhi tu, huja pia na maswali yake. Tukiyafukuza maswali, na yeye tutamwacha mlangoni." Kura zikapigwa, tukabaki tunajitegemea, na lifti hatuna mpaka leo. Magoti yetu yanamlaumu, sisi hatumlaumu.

Msidhani namsifia malaika. Ripoti zake za mwezi hufika mwezi unaofuata. Kikombe chake hakigusiki, na akishaamua jambo, kumgeuza ni kumpigia mbuzi gitaa. Lakini ukaidi huo huo ndio uliotuweka mjini.

Masikio yalianza kumsumbua kidogo kidogo. Daktari alimpa vifaa vya kuvaa, naye akatutania kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Vilimsaidia kusikia viti vikiburutwa na milango ikibamizwa, lakini wanaoingia chumbani kwake husema kwa sauti ya chini, hasa wanapofika penyewe. Siku moja mwaka jana alimwomba mteja arudie alichosema. Akamwomba tena, na tena. Hakutuambia ni nani wala ni jambo gani, na hatutamuuliza. Alituambia tu kwamba lilikuwa neno ambalo mtu hulikusanyia nguvu kwa miaka, naye amemlazimisha kulisema upya kila mara.

Kesho yake alikwenda kwa mkurugenzi kuomba kustaafu. Tulimsihi. Tulimpa chumba cha nyuma kisicho na kelele, tukampunguzia saa. Alijibu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba hapa wa kuumia si yeye, ni mteja. Kisha akamwambia kila mteja wake ana kwa ana, nusu mwaka kabla, na kumkabidhi kila mmoja kwa mnasihi mwingine, wakikaa wote watatu chumbani. Hakuna hata mmoja aliyeipata habari hiyo koridoni. Katika miaka yangu hapa sijaona kazi iliyofanywa kwa heshima kuliko hiyo.

Mume wake, dereva wa malori aliyestaafu, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Yeye analalamika kwamba amesubiri miaka yote zamu yake ya kusikilizwa, na imefika wakati masikio yamekwisha.

Alhamisi iliyopita Shangazi hakuja na kitabu barazani. Kwa mara ya kwanza alisema yake. Kimya hakimtishi, alisema, ameishi nacho na amekula nacho mshahara. Anachoogopa ni meza ya chakula: watu wamecheka, yeye anauliza wamesema nini, na mtu anamjibu kwa upendo kabisa, "Aa, acha tu, si kitu." Ameshaanza kuambiwa hivyo, na kila akiambiwa hujiona amekaa mbali na wenzake, ingawa kiti ni kile kile. Tulikuwepo wanasihi wengi, wenye maneno ya kila hali. Fundi bomba ndiye aliyeinuka akamshika mkono.

Shangazi, ahsante kwa masikio yako, uliyoyatumia kwa ajili yetu mpaka yakachoka. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, wajukuu wasiokuchosha sana, na miaka mingi ya raha pamoja na mzee wako. Viti vya Alhamisi vipo, na chako kipo. Njoo ukae. Na ukituuliza tumesema nini, hapana atakayekuambia si kitu. Tutakugeukia, tutakutazama usoni, tutarudia. Hata ukiwa ni mzaha wa kipuuzi tu, tutaurudia mpaka nawe ucheke.